Mbona Inarudi

Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha hilo lilitazama Kibo. Lilikuwa limepigiliwa misumari tangu wezi walipoingia wakabeba mizani, kwa hiyo mlima tuliuona lakini upepo wake hatukuupata. Siku za kawaida hatukujali. Siku za kliniki ya akina mama tulijali sana, kwa sababu ya kipimo cha harufu. Unapaka majimaji ya ukeni kwenye kioo, unadondoshea tone la haidroksidi ya potasiamu, ambayo sisi tuliiita kwa herufi zake tu, KOH, kisha unasogeza kioo puani. Kwa mwanamke asiye na tatizo husikii kitu. Kwa mwenye tatizo inapanda shombo, ile ile ya samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu aliyekaa gulioni tangu jana. Ikifika saa tano asubuhi, hata mtu aliyekuja kuulizia majibu ya malaria alisimama mlangoni na kuzungumza kutokea huko.

Nazungumzia Moshi ya miaka ya 1990. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara katika kliniki ndogo, upande wa chini wa mji. Wagonjwa mahututi walipelekwa hospitali ya Mawenzi au walipandishwa KCMC, hospitali kubwa iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo watu wa mlimani waliitaja kwa sauti ya heshima kama wanavyotaja kanisa. Kwetu walikuja wale ambao hawakutaka kuonekana wamepanga foleni huko.

Ilikuwa miaka ya UKIMWI, na mtu asiyeiona miaka ile ni vigumu kumweleza. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 hapakuwa na mkoa wa Tanzania Bara uliosalimika. Kilimanjaro ulipanda na barabara na biashara. Vihamba, mashamba ya ukoo, vilikuwa vimegawanywa baba kwa mtoto hadi havigawanyiki tena, kahawa hailipi, na vijana walikuwa wameteremka kutafuta maisha Arusha, Dar es Salaam, Mombasa. Desemba walipanda mlima na mizigo na vicheko. Baadaye wakaanza kupanda miezi mingine, wakiwa wamekonda, na baadaye tena wakapandishwa ndani ya majeneza. Jumamosi huko Uru na Kibosho familia ziligawana misiba: baba anakwenda huu, mama anakwenda ule. Mwaka 1990 wanawake wa Moshi waliunda KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro kupambana na UKIMWI. Haikushangaza kwamba ni wanawake, maana wao ndio waliokuwa wakiosha wagonjwa na kulea yatima.

Katika hali hiyo, nani angejali shombo? Hakuna aliyekufa kwa shombo. Kwenye daftari letu tuliandika kwa kifupi, mwuguzi akagawa dawa, na mgonjwa akaondoka. Waliokuja zaidi ya wengine walikuwa wahudumu wa baa na hoteli. Wachache walikuwa Wachagga wa hapa hapa. Wengi walitoka Singida, Kondoa, Mbulu, Tanga, mbali na mama zao na shangazi zao. Waliniita dokta kwa sababu ya koti jeupe, nami nilikuwa nimechoka kuwasahihisha.

Swali lao lilikuwa moja, ingawa walilivika nguo tofauti. Dada mmoja aliyefanya kazi baa ya karibu na stendi alilisema bila nguo kabisa.

“Dokta, umeona nini?”

“Bakteria wamevurugika. Dawa ipo.”

“Hiyo dawa nilipewa mwezi wa tatu. Nikapewa tena wa tano. Mbona inarudi?” Kisha, kabla sijafungua kinywa: “Na mwenyewe je?”

“Mwenyewe yupi?”

“Huyo ninayelala naye. Yeye hamumpi?”

Kitabu cha mwongozo kilisema mwanamume hapewi kitu. Si ugonjwa wa zinaa, kilisema, ni mvurugiko wa mwanamke mwenyewe. Nikamwambia hivyo. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia muuza nyanya aliyempunja mbele ya macho yake, akachukua cheti chake akaenda dirishani kwa mwuguzi.

Dawa yenyewe ilikuwa metronidazoli, vidonge vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni. Ama unameza rundo kwa mara moja, ama unameza kidogo kidogo kwa siku saba. Na kila boksi lilikuja na onyo: usinywe pombe. Hebu fikiria onyo hilo kwa mhudumu wa baa. Mteja akimnunulia bia hawezi kuisukuma pembeni. Bia ile ndiyo mazungumzo, mazungumzo ndiyo bakshishi, bakshishi ndiyo kodi ya chumba. Wengi walimeza siku mbili tatu, shombo ikapungua, wakaacha. Waliomeza hadi mwisho nao walirudi. Hilo ndilo lililonitatiza, kwa sababu niliwajua waliomeza hadi mwisho. Walikuwa na nidhamu kuliko sisi tuliowahubiria.

Nieleze nilichokuwa nikikiona, maana hadubini ilinifundisha kabla ya vitabu. Kwenye majimaji ya mwanamke mzima unaona seli pana za ngozi ya ndani, kingo zake safi, na kando yake vijiti virefu vilivyolala huku na huku. Hivyo vijiti ni lactobasili. Kwa mwenye mvurugiko vijiti vimetoweka, na badala yake kuna mchanga: vijidudu vidogo vidogo visivyo na idadi, vimeing’ang’ania seli hadi ukingo wake hauonekani. Mwaka 1983 daktari wa Marekani, Richard Amsel, na wenzake walipendekeza dalili 4 za kutambulia tatizo hili: majimaji mepesi yanayofanana na maziwa yaliyotiwa maji, shombo ukitia KOH, karatasi ya asidi inayovuka 4.5, na hizo seli zilizofunikwa. Ukipata 3, umepata jibu. Jina la kitabuni ni vajinosisi ya bakteria. Kliniki kwetu, na katika maduka ya dawa mpaka leo, kila kinachotokea huku chini huitwa fangasi, na mtu huuziwa dawa ya fangasi, na bakteria hawana habari nayo.

Kitu kimoja nilikiona mapema: wengi waliokuwa na mchanga ule hawakuwa wamekuja kwa ajili yake. Walikuja kupima mimba, au kaswende, au walishikwa mkono na rafiki. Hawakuwashwa, hawakuumwa, wengine hawakusikia harufu yoyote. Tatizo lililokaa kimya namna hiyo halipati msemaji.

Mwaka 1997 au mwanzoni mwa 1998, mwenzetu mmoja aliyekuwa akisoma huko juu alitushushia kivuli cha makala kutoka jarida la Lancet. Ilikuwa kazi ya Nelson Sewankambo na wenzake kutoka Rakai, Uganda, ng’ambo tu ya mpaka wetu wa Kagera. Walikuwa wamechunguza wanawake zaidi ya 4,700 vijijini. Kati ya wale waliokuwa na vijiti vyao salama, asilimia 14 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kati ya wale ambao vijiti vilikuwa vimetoweka kabisa, karibu asilimia 27. Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Hawa walikuwa wanawake wa vijijini, wakulima, wake za watu, wala si wahudumu wa baa.

Mwenzetu yule alitupoza. Kipi kilitangulia, aliuliza. Pengine virusi ndivyo vinavyovuruga bakteria. Pengine mwanamke mwenye wanaume wengi hupata vyote viwili, na kimoja hakihusiani na kingine. Lilikuwa swali halali, na jibu lilitoka Malawi mwaka 1998, kisha Mombasa mwaka 1999. Mombasa waliwafuatilia wanawake 657 waliouza ngono na ambao bado hawakuwa na virusi, wakiwapima tena na tena. Mwanzoni ni kama robo tu waliokuwa na lactobasili. Waliokosa lactobasili walipata virusi vya UKIMWI mara mbili ya waliokuwa nazo, na kisonono pia kiliwapata zaidi. Hapo mpangilio ulikuwa wazi: vijiti vilitoweka kwanza, virusi vikaja baadaye. Miaka kadhaa mbele tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja, ongezeko la hatari lilionekana kuwa kama asilimia 60. Si kubwa kama la kidonda cha sehemu za siri, lakini kidonda huwapata wachache na mchanga ule ulikuwa kila mahali.

Namna inavyotokea naweza kuieleza kwa mtu yeyote aliyekulia kwenye kihamba. Mgomba ukiwa umesimama, kivuli chake na majani yake yaliyooza huzuia magugu. Kata migomba yote, na kabla ya masika kwisha huoni tena udongo. Lactobasili hula sukari inayotoka kwenye ngozi ya uke na kuigeuza asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo inayofanya karatasi yetu isome chini ya 4.5. Katika uchachu huo virusi vya UKIMWI hudhoofika, na vijidudu vingine havipati nafasi. Lactobasili zikiondoka, wanaingia wale wanaoishi bila hewa, Gardnerella akiwa mbele, na kutandaza utando juu ya seli. Ute unakuwa mwepesi. Ngozi inalegea mishikamano yake. Na mwili, ukihisi wageni, unapeleka askari wake, seli nyeupe, kwenye ukuta ule ule. Hapo ndipo penye balaa, kwa sababu virusi vya UKIMWI havitafuti kitu kingine ila seli hizo hizo. Mwanamke haumwi popote, na huku seli ambazo virusi vinazitaka zimeshasogezwa mlangoni.

Sasa kuhusu kuoga. Sitaki kulipita hili haraka, kwa sababu hapa ndipo wanawake wengi walipoumizwa na nasaha njema. Shombo ikimpata mwanamke wa Kiafrika, wa pwani au wa mlimani, jambo la kwanza analofikiri ni kwamba yeye ni mchafu. Mabango yalihubiri usafi, shuleni walihubiri usafi, kwenye unyago wa huko walikotoka baadhi yao walifundishwa kujisafisha hadi ndani. Mhudumu wa gesti alikuwa na ndoo, kopo na kipande cha sabuni ya mche, na baada ya kila mwanamume aliingiza kidole na sabuni mpaka pale kidole kinapofika. Wengine walitumia maji ya chumvi, wengine ndimu, wengine shabu ya kukaza, wengine walijifuta ndani kwa kitambaa cha kanga kuukuu ili mteja asilalamike majimaji. Sabuni huua asidi na kuzifagia lactobasili. Shombo inazidi. Mwanamke anazidisha sabuni.

Mwaka 2011 watafiti walikusanya data za wanawake karibu 15,000 kutoka tafiti 13 za Afrika kusini mwa Sahara, na wakapima mazoea haya moja moja. Kujiosha ndani kwa sabuni kuliongeza hatari ya kupata virusi kwa karibu robo. Kujifuta ndani kwa kitambaa au karatasi kuliongeza kwa karibu nusu. Niliposoma tarakimu zile nilimkumbuka mama mmoja wa Majengo, mke wa ndoa ya kanisani, mwenye watoto wanne, ambaye hakuwa na mwanamume mwingine na ambaye alijisugua kila usiku kwa sababu mume wake, akirudi kutoka safari za lori, alimwambia ananuka. Alikuwa na aibu ya kutisha. Alizungumza na meza, si na mimi.

Utafiti mkubwa ulifika Moshi wenyewe. Saidi Kapiga, aliyekuwa Harvard, akiwa na wenzake wa KCMC, akina John Shao, Noel Sam na Rachel Manongi, walianza kuwachunguza wahudumu wa baa na hoteli za mji huu. Matokeo ya awali yalitoka mwaka 2002. Mwanamke mmoja kati ya kila wanne au watano alikuwa na virusi tayari. Baadaye waliwachukua mamia ya wale ambao hawakuwa navyo na kuwafuatilia, na mwaka 2007 ikachapishwa kwamba katika kila wanawake 100, kwa mwaka, wanne hadi watano walikuwa wakiambukizwa. Baadhi yao niliwajua kwa sura. Walikuwa wamekaa kwenye benchi letu.

Nakumbuka jinsi utafiti ule ulivyobadili mazungumzo ya benchi. Zamani mtu alikuja peke yake, amejifunika kanga hadi puani. Sasa walikuja wawili watatu, wakilinganisha maswali waliyoulizwa huko. Waliulizwa mambo ambayo mume hamuulizi mke wake. Walichoka kuulizwa, lakini pia waliona kwa mara ya kwanza kwamba kuna watu wenye shahada wanaoona maisha yao yana uzito wa kuandikwa. Mmoja aliniambia kwa kujivuna kwamba damu yake imepanda ndege. Sijui kama ilipanda kweli; sikutaka kumharibia.

Kilichotangulia mbele katika matokeo yale ya 2007 kilikuwa malengelenge ya sehemu za siri, yaani hepesi: aliyekuwa nayo alikuwa na hatari zaidi ya mara nne ya kupata virusi vya UKIMWI. Maambukizi mengine ya viungo vya uzazi yakafuata nyuma. Na hapa nina maoni yangu, ambayo wasomi wanaweza kuyakataa. Hepesi ilikuwa na dawa ya vidonge, asiklovia, isiyo na gharama kubwa na iliyojulikana vizuri, kwa hiyo fedha na matumaini vilikimbilia huko. Shombo ilikuwa na dawa inayofanya kazi kwa wiki chache. Nani angeweka fedha zake hapo?

Asiklovia ilijaribiwa. Mwanza na mikoa ya jirani jaribio lilihusisha wanawake zaidi ya 800, wahudumu kama wa kwetu. Mwaka 2008 ikatangazwa kwamba haikuwakinga. Kisha kulikuwa na jaribio kubwa zaidi la wenza, mmoja ana virusi na mwingine hana, jozi 3,408 katika nchi 7 za Afrika, na Moshi ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Nusu ya wenye virusi walipewa asiklovia mara mbili kwa siku. Vidonda vilipungua, wingi wa virusi kwenye damu ulishuka, lakini wenza wao waliambukizwa vile vile. Matokeo yale yalitoka mwaka 2010, na watu waliokuwa wametumia miaka kuyatafuta walionekana kama waliofiwa.

Lakini sampuli zilibaki, na kutoka kwenye jozi zile zile mwaka 2012 lilitoka jibu ambalo hakuna aliyekuwa amelilipia. Craig Cohen na wenzake waliwaangalia wanawake 2,236 wenye virusi na wanaume wao wasio navyo. Pale ambapo mwanamke alikuwa na mvurugiko wa bakteria, mwanamume alikuwa na hatari zaidi ya mara tatu ya kuambukizwa. Nilisoma nikamkumbuka dada wa stendi na swali lake. Na mwenyewe je? Mwenyewe alikuwa ndani ya jambo hili tangu siku ya kwanza.

Wakati huo nilikuwa nimehama kliniki ile na nimekaribia kustaafu. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa zimeanza kutolewa bure na serikali tangu mwaka 2004, na misiba ya Jumamosi ilikuwa imepungua hadi watu wakarudi kufanya harusi siku hiyo. Niliendelea kufuatilia suala la bakteria kama mtu anavyofuatilia timu aliyoizoea, hata inapofungwa. Na ilifungwa mara nyingi. Huko Rakai, tayari mwaka 1999, walikuwa wameonyesha kwamba kuwatibu watu wote wa kijiji kila baada ya miezi 10, metronidazoli ikiwemo, hakukupunguza virusi vya UKIMWI, na mvurugiko wa bakteria haukushuka kwa kiasi cha kuridhisha. Kati ya duru moja na nyingine ulikuwa umeshawarudia wanawake. Mombasa walitoa dozi kila mwezi, na mvurugiko ukapungua kweli, lakini wanawake waliokuwa kwenye jaribio hawakufika 400, wachache mno kuonyesha kama UKIMWI nao umepungua. Mpaka leo hakuna jaribio lililothibitisha kwamba ukiondoa mvurugiko huu unamkinga mwanamke na virusi. Watu huruka hatua hiyo wanapozungumza kwenye semina, nami hunyanyua mkono.

Kuna moja liliniuma. Afrika Kusini walikuwa wamejaribu jeli yenye dawa ya tenofovia ya kupakwa ukeni, na mwaka 2010 ulimwengu ulishangilia kwa sababu ilipunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa asilimia 39. Wengine walisema imeshindwa kufika mbali kwa sababu wanawake hawakuipaka kama walivyoelekezwa. Daima ni wanawake. Mwaka 2017 Nichole Klatt na wenzake walionyesha kwamba kwa wanawake wenye lactobasili jeli ilikinga kwa asilimia 61, na kwa wale waliozikosa ni asilimia 18 tu, kwa sababu Gardnerella alikuwa anaivunja dawa kabla haijaingia kwenye seli. Vidonge vya kinga vinavyomezwa havipatwi na tatizo hilo, kwa vile vinapitia damu. Lakini fikiria wanawake walioambiwa hawakupaka.

Na wanaume wa Kilimanjaro? Hapa watu hupenda kunikatisha: sisi tunatahiri. Ni kweli, na si jambo dogo. Jaribio la tohara la Rakai lilionyesha mwaka 2009 kwamba wake za waliotahiriwa walipata mvurugiko huu pungufu kwa karibu asilimia 40. Pungufu, hawakuukosa. Mume wa yule mama wa Majengo alikuwa ametahiriwa.

Vitabu viliendelea kusema mwanamume hatibiwi, na havikusema hivyo kwa uvivu. Kuanzia miaka ya 1980 wanaume walipewa vidonge katika majaribio kadhaa na wake zao waliendelea kurudiwa. Kosa, kama tunavyoona sasa, lilikuwa kwamba vidonge peke yake havisafishi ngozi ya nje. Machi 2025 timu ya Melbourne, Australia, ilichapisha jaribio la jozi 164 za wapenzi wasio na wengine nje. Wanawake wote walitibiwa kama kawaida. Nusu ya wanaume wakapewa vidonge vya metronidazoli na pia krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, mara mbili kwa siku, siku 7. Ndani ya wiki 12, kwa wanawake ambao wanaume wao hawakutibiwa, asilimia 63 walirudiwa. Kwa wale ambao wanaume wao walitibiwa, asilimia 35. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Nina mashaka yangu. Wanaume wengi wa jaribio lile hawakuwa wametahiriwa, na wa hapa wametahiriwa. Wapenzi wale walikuwa wawili tu, na hapa mume yuko Dar es Salaam au barabarani kati ya Himo na Tunduma, na mhudumu wa baa hana mume mmoja wa kumpelekea krimu. Na mtu wa kumwambia mwanaume wa Kibosho apake dawa huko kwa ajili ya ugonjwa wa mke wake, sijampata bado. Hata hivyo jibu lilikuwa limekuja, na liliungana na swali lililoulizwa Moshi miaka thelathini nyuma na mwanamke aliyeishia darasa la saba.

Dada yule wa stendi yupo. Aliacha baa muda mrefu, ana watoto wakubwa, na anauza mitumba Kiboriloni, mashuka na mapazia. Mwaka jana nilikwenda kununua shuka, nikamsimulia habari za Australia, huku yeye anakunja na kukunjua. Alisikiliza bila kushangaa hata kidogo.

“Kwa hiyo na mwanamume anameza?”

“Anameza na kupaka. Siku saba.”

“Vile vile vidonge vya ladha ya chuma?”

“Vile vile.”

“Na pombe haruhusiwi?”

“Ndivyo boksi linavyosema.”

Akacheka mpaka akaweka shuka chini. “Siku saba bila mbege, dada yangu. Waambie hao wazungu wasianze Desemba.”